Stempu tano za marehemu babu: ipi ya kweli, ipi ya kughushi?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Tanga. Marehemu babu yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na meneja wake, Mswisi, alipoondoka nchini alimwachia albamu ya stempu. Nyingi ni za kawaida, ila ukurasa mmoja una tano za Amerika Kusini: ya Brazili nyeusi yenye namba 60, ya Uruguay ya kijani yenye jua na neno DILIGENCIA, ya Buenos Aires ya kijani yenye meli, ya Corrientes ya bluu yenye kichwa cha mwanamke, na nyekundu ya Guiana ya Uingereza yenye meli na maneno ONE CENT. Rafiki yangu kaangalia mtandaoni, anasema hiyo ya mwisho peke yake ni mabilioni. Mtu mwingine ananipa laki nane kwa ukurasa mzima. Nitajuaje kama ni za kweli? Nimekutumia picha za mbele na nyuma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla sijagusa stempu hata moja, mambo mawili. La kwanza, usiuze. Mtu anayetaja bei ya ukurasa mzima bila kuuliza nyuma ya stempu pakoje, ama hajui anachonunua, ama anajua zaidi ya anavyokuonyesha. La pili, usizibandue wala kuziloweka. Najua mikono inawasha ukiona madoa ya miaka mia na zaidi, lakini mabaki ya gundi, kipande cha bahasha kilichonata, hata doa la kutu, vyote ni ushahidi. Ukishaviosha huvirudishi.

Tuanze na ile ya mabilioni, maana naamini ndiyo inayokunyima usingizi.

Mwaka 1856 mjini Georgetown, huko Guiana, stempu zilizoagizwa London zilichelewa kufika. Posta ikawaendea wachapaji wa gazeti rasmi, Joseph Baum na William Dallas, waitengenezee za muda. Wale mabwana wakapanga herufi za chuma kwa mkono, wakaweka katikati kipicha cha meli, wakachapa kwa wino mweusi juu ya karatasi ya rangi nyekundu inayoelekea zambarau. Kazi ilikuwa duni kiasi kwamba makarani wa posta walitia herufi za majina yao kwa kalamu juu ya kila stempu, ili mtu asijichapie za kwake. Za senti 4 zimebaki kadhaa. Ya senti 1 inajulikana moja tu duniani. Iliokotwa mwaka 1873 na mvulana wa miaka 12, Louis Vernon Vaughan, akaiuza kwa shilingi 6 za Kiingereza. Mwaka 2014 iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 9.48, na mwaka 2021 kwa dola milioni 8.3.

Hiyo ya kweli imekatwa pembe zote nne, ikabaki na pande nane. Ina herufi E.D.W. za karani, na muhuri wa Demerara, hukohuko Guiana, wa Aprili 4, 1856. Yako ina pembe zake nne kamili na haina saini ya mtu. Nilipoikuza picha yako nikaona kwamba ule wekundu si rangi moja. Ni nukta ndogo ndogo za waridi, njano na buluu zilizokaa kama punje za mtama. Hiyo ni chapa ya rangi ya karne ya 20, ile ya majarida na kalenda. Mwaka 1856 haikuwepo. Mtu aliikata mahali akaibandika pale kwa mapenzi yake, pengine bila nia ya kumdanganya mtu. Mwambie rafiki yako apumzike.

Usijione mjinga, maana wenye uzoefu nao wamejaribu bahati hiyo. Mwaka 1999 ilijitokeza Bremen, Ujerumani, stempu iliyodaiwa kuwa senti 1 ya pili. Royal Philatelic Society London, chama cha wakusanyaji wa stempu, waliichunguza, wakasema ni ya senti 4 iliyobadilishwa maandishi. Karatasi ilikuwa ya kweli, meli ya kweli, umri wa kweli, uongo ukiwa kwenye herufi chache tu. Iweke akilini hiyo, maana tutairudia.

Sasa zile nne. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuweka stempu yake kando ya picha ya mtandaoni na kulinganisha sura: pua iko hivi, jua lina miale mingapi. Mghushi naye alianza hapohapo, kwa kulinganisha sura, na alikuwa na muda kuliko wewe. Kitu kilichomshinda mara nyingi ni namna ya kuchapa. Stempu za mwanzo za Amerika Kusini zilichapwa kwa njia kuu tatu, na waghushi wa karne ya 19 walitumia hasa moja tu iliyokuwa rahisi kwao.

Njia ya kwanza ni ya kuchonga mistari ndani ya bamba la chuma, kama nakshi ya mlango wa Zanzibar, ila kwa ncha nyembamba mno. Wino unajazwa kwenye mifereji, bamba linafutwa juu, kisha karatasi inagandamizwa kwa nguvu hadi iunyonye ule wino. Matokeo yake wino unasimama juu ya karatasi. Chukua noti mpya ya shilingi elfu kumi, pitisha ukucha kwenye maandishi makubwa, utahisi mkwaruzo. Ni jamaa wa chapa hiyohiyo. (Kwa noti fanya, kwa stempu usithubutu.) Njia ya pili ni ya herufi zilizoinuka, kama muhuri wa mpira wa ofisini: wino unasukumwa pembeni, kila mstari unakuwa na ukingo mweusi zaidi kuliko katikati yake, na mara nyingine nyuma ya karatasi pametuna. Ya tatu ni chapa ya jiwe. Mchoro unachorwa au kuhamishiwa juu ya jiwe laini, wino unashika penye mafuta na kukataa penye maji. Hapa wino unalala bapa, haujainuka wala haujazama. Hii ya tatu ndiyo iliyokuwa kipenzi cha waghushi, kwa sababu ilikuwa nafuu na haikuhitaji mchongaji hodari.

Vifaa utavipata Tanga hapohapo. Mwombe fundi saa akuazime lenzi yake ya kukuza mara 10. Tafuta tochi ndogo yenye mwanga mkali, na taa ya zambarau ya kukagulia noti. Kwa picha, tumia skana, kwa nukta 1200 kwa inchi ukiweza. Kamera ya simu hulainisha mistari kwa hiari yake, na mistari ndiyo tunayoitafuta.

Ya Brazili ndiyo iliyonifanya nikae kitako. Agosti 1, 1843, Brazili ilitoa stempu za thamani tatu, 30, 60 na 90, bila jina la nchi wala la fedha, ila tarakimu kubwa katikati ya mviringo wa mapambo. Wenyewe waliziita olho-de-boi, jicho la fahali, na ukiziangalia tatu kwa pamoja utaona kwa nini. Inaelezwa kwamba sura ya mfalme Pedro II haikuwekwa kwa sababu kuipiga muhuri ingekuwa kuipaka masizi. Zilichapwa Rio de Janeiro kwenye kiwanda cha fedha cha serikali, Casa da Moeda, kwa njia ile ya kwanza ya kuchonga. Ya 60 ndiyo iliyotolewa kwa wingi, zaidi ya milioni 1.5, ya 90 ilikuwa kama 349,000 tu. Kwa hiyo kuwa na ya 60 si muujiza. Albamu nyingi za zamani zilikuwa nayo, ya kweli au ya kughushi.

Fanya hivi. Zima taa ya chumba, ishike stempu kwa kibano, piga tochi kutoka ubavuni, mwanga ukitambaa karibu sawa na karatasi, kisha weka lenzi jichoni. Kama ni ya kuchonga, mistari mizito ya tarakimu 6 na 0 itatupa kivuli chembamba kama matuta ya shamba jua likichwea. Kama ni ya jiwe, utaona uso bapa unaong'aa kidogo au uliofifia sawasawa. Baada ya hapo tazama mandhari nyuma ya tarakimu. Mapambo yale yalichorwa kwa mashine, mistari inapindana kama ukili wa mkeka. Chagua mstari mmoja pembeni, ufuate kwa jicho hadi katikati. Kwenye ya kweli utausindikiza hadi ujifiche chini ya tarakimu. Kwenye nyingi za kughushi utakatika njiani, utaungana na jirani yake kuwa doa, au utageuka nukta.

Hapa watu wengi hupotea kwa upande wa pili. Mabamba yale yalichakaa kwa kazi, na stempu zilizochapwa baadaye zina rangi ya kijivu na mandhari hafifu. Yako iko hivyo. Anayejua nusu ataitupa akisema imefifia, itakuwa bandia. Lakini kufifia kwa bamba lililochakaa kunatofautiana na kufifia kwa jiwe. Bamba likichakaa, mistari myembamba hutoweka kwanza na mizito hubaki imesimama. Jiwe likichoka, vyote hulegea pamoja. Katika picha yako mandhari ni dhaifu ilhali tarakimu ni imara, na kipande cha muhuri wa duara kinaonyesha herufi zinazolingana na CORREIO GERAL DA CORTE, muhuri wa posta ya Rio wa enzi hizo. Sitasema ni ya kweli kwa kuangalia picha. Nasema hii itunze kwenye bahasha yake peke yake tangu leo.

Ya Uruguay ni habari fupi na ya kusikitisha kidogo. Oktoba 1, 1856, Atanasio Lapido, mkuu wa posta, alitoa stempu za jua kwa barua zilizosafirishwa kwa magari ya farasi, ndiyo hiyo diligencia: senti 60 ya buluu, 80 ya kijani, na real 1 nyekundu. Zilichapwa kwa jiwe huko Montevideo, kwa hiyo kipimo cha tochi hakitusaidii, ya kweli na ya uongo zote ni bapa. Kinachoiumbua yako ni muhuri. Hebu uangalie: mistari yake imekaa katikati ya stempu kwa adabu, haivuki ukingo hata mmoja, kana kwamba ilijua mwisho wa stempu uko wapi. Karani wa posta mwenye rundo la barua hapigi hivyo. Muhuri wa kweli huangukia popote, nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha, ukikata stempu unakatika nao.

Mihuri ya adabu hiyo ni desturi ya ndugu Spiro wa Hamburg. Kuanzia miaka ya 1860 walichapa kwa jiwe nakala za mamia ya stempu za dunia, kwa karatasi za stempu 25, muhuri ukiwa umechapwa papo hapo kiwandani. Waliziuza waziwazi kama nakala za kujazia nafasi kwenye albamu, na watoto wa Ulaya walizinunua kwa peni. Walioficha asili yake ni wauzaji waliokuja baadaye. Siku hizi wako watu wanaokusanya Spiro kwa ajili ya Spiro, kwa hiyo usiichome.

Kwa kuwa meneja alikuwa Mswisi, lazima nimtaje François Fournier. Mwaka 1904 huko Geneva alinunua mali ya mghushi aliyemtangulia, akafungua biashara ya kile alichokiita fac-similés. Alikuwa na orodha ya bei, alikuwa na jarida lake, na alijiona mtetezi wa mkusanyaji maskini asiyeweza kununua ya kweli. Alifariki mwaka 1917. Miaka kumi hivi baadaye chama cha wakusanyaji wa Geneva kilinunua mabaki yote kutoka kwa mjane wa mtu aliyeirithi biashara yake, kikatengeneza albamu za rejea zenye vielelezo vilivyopigwa chapa ya FAUX au FAC-SIMILE, kisha kikaharibu vilivyobaki. Kilichokuwa kimeshauzwa hakikurudi. Tazama nyuma ya kila stempu kwa tochi ya ubavuni. Maneno kama hayo mara nyingine yamefutwa kwa kifutio, lakini nyuzi za karatasi zilizosimama zinabaki. Uswisi wa meneja hauthibitishi chochote, ila kwenye albamu iliyotoka huko mimi ningeangalia mara mbili.

Ya Corrientes inanichekesha kila nikiikumbuka. Corrientes ni jimbo la kaskazini mashariki mwa Argentina. Mwaka 1856 jimbo lilihitaji stempu na halikuwa na mchongaji. Inasimuliwa kwamba kazi ilimwangukia Matías Pipet, kijana wa kupeleka mikate aliyewahi kujifunza uchongaji Ulaya kabla ya kuhama. Alipewa stempu ya Ufaransa yenye kichwa cha Ceres, mungu wa mavuno, aiige. Alichonga vichwa vinane, kimoja kimoja, kwa mkono, na hakuna kinachofanana na mwenzake. Mmoja ana pua ya bondia, mwingine amenuna, mwingine nywele kama kichaka cha mnyaa. Vilichapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba ya rangi, kwa njia ya herufi zilizoinuka. Mwanzo karatasi ilikuwa ya buluu na thamani ni real 1. Mwaka 1860 thamani ilikatwa kwa kalamu. Baadaye ikaondolewa kabisa kwenye bamba, na rangi nyingine za karatasi zikafuata hadi posta ya jimbo ilipofikia mwisho mwaka 1880.

Sasa mtazame mama wa kwenye stempu yako. Ana uso mzuri. Macho sawa, shingo laini, zabibu nywelini zimepangwa kama shanga. Ni mzuri mno! Kati ya vichwa vinane vya Pipet hakuna wa sura hiyo. Aliyeighushi hii alikuwa mchoraji bora kuliko Pipet, na alishindwa kujizuia kusahihisha makosa ya mwenzake. Kanuni ya Corrientes ni rahisi: stempu yako lazima ilingane na mmoja wa wale wanane, mkwaruzo kwa mkwaruzo, au si ya Corrientes. Usitafute wa tisa.

Buenos Aires ina mkasa wa aina hiyohiyo, na wageni huupindua. Mwaka 1858, wakati Buenos Aires ilikuwa dola iliyojitenga na shirikisho la Argentina, ilitoa stempu za meli ya moshi ambazo wakusanyaji wanaziita barquitos, vimeli. Zilikuwa za peso 2 ya buluu, 3 ya kijani, 4 nyekundu na 5 ya rangi ya machungwa. Ilipohitajika ya peso 1, badala ya kuchonga mpya walichukua mabamba ya 5 na ya 4 wakakwangua herufi. CINCO ikabaki IN. CUATO, ambayo ndivyo walivyofupisha CUATRO, ikabaki TO. Kwa hiyo kuna stempu halali kabisa zilizoandikwa IN Ps na TO Ps, maneno yasiyo na maana kwa Kihispania wala lugha nyingine. Nimewahi kumwona mtu akiitupa IN Ps sokoni huku akiuliza, mghushi gani angekosea hivi? Swali lilikuwa sahihi, jibu ndilo alilokosa: mghushi hakukosea, posta yenyewe ndiyo iliyofanya.

Yako ni TRES Ps ya kijani, na hii, mwanangu, sijailala. Mistari ni safi, muhuri unaonekana wa kweli, karatasi ina rangi ya umri. Usafi huo ndio unaonitia wasiwasi kwa sababu ya mtu mmoja aitwaye Jean de Sperati.

Sperati alikuwa Mtaliano aliyeishi Aix-les-Bains, Ufaransa. Hakuchora kitu. Alichukua stempu halisi ya bei ndogo ya zama hizo, akaifuta picha kwa kemikali huku muhuri ukibaki, kisha akachapa juu ya karatasi ileile picha ya stempu ya bei kubwa iliyotokana na upigaji picha wa stempu ya kweli. Karatasi ya kweli, muhuri wa kweli, picha kamili. Mwaka 1942 forodha ya Ufaransa ilikamata shehena yake iliyokuwa ikienda Lisbon, wakamshtaki kwa kusafirisha stempu za thamani bila kulipia. Ikabidi mzee ajitetee kwa kuthibitisha kwamba ni bandia alizotengeneza mwenyewe, na wataalamu walioitwa walikuwa wameshazikubali kuwa za kweli. Mwaka 1954 chama cha wakusanyaji cha Uingereza, British Philatelic Association, kilinunua akiba yake ili asiendelee. Alifariki mwaka 1957. Amerika Kusini aliipenda: alighushi za Uruguay, za Colombia, na hivi vimeli vya Buenos Aires.

Udhaifu wa Sperati ni kwamba kila picha aliyopiga ilikuwa ya stempu moja. Bamba la Buenos Aires lilikuwa na stempu 48, kila moja na kasoro zake ndogo. Kazi ya Sperati daima inarudia kasoro za ile moja aliyoipiga picha, pamoja na vinukta vilivyozaliwa karakanani kwake. Vinukta hivyo vimeorodheshwa na wataalamu. Pili, kwake picha ilikuja baada ya muhuri. Weka lenzi pale wino mweusi wa muhuri unapokutana na kijani cha meli. Kwenye ya kweli nyeusi iko juu. Ukiona kijani kinapita juu ya nyeusi, tumeshamjua mwenyewe. Tatu, barquito ya kweli ilichapwa kwa herufi zilizoinuka, ina ule ukingo wa wino uliosukumwa. Ya Sperati ni bapa. Vitatu hivyo siwezi kuvikagua kwa picha ya simu.

Taa ya zambarau usiisahau, japo isikulevye. Karatasi nyingi za kuanzia katikati ya karne ya 20 zina dawa ya kung'arisha. Chini ya taa hiyo huwaka buluu-nyeupe kama shati jipya kwenye ukumbi wa disko. Stempu ya 1858 ikiwaka hivyo, imekwisha. Lakini isipowaka haimaanishi ni ya kweli, maana Spiro, Fournier na Sperati wote walitumia karatasi isiyowaka. Taa hii inakamata waghushi wa juzi tu. Inasaidia pia kuonyesha ukarabati: pembe iliyoongezwa, tundu lililozibwa, saini ya kalamu iliyofutwa ikaacha kivuli.

Kurasa nyingine za albamu zikikuletea Amerika Kusini zaidi, jihadhari na stempu za kweli zilizobadilishwa, kama ile ya Bremen. Mimi nililiwa hapo. Miaka ya nyuma nilinunua kwa muuzaji mmoja stempu ya Argentina ya mwaka 1864 yenye sura ya Rivadavia, rais wake wa zamani, isiyo na vitobo pembeni, ambayo ni adimu kuliko yenye vitobo. Chapa ilikuwa sahihi, alama ya maji ya herufi RA ilionekana wazi. Nilikaa nayo miaka miwili nikijisifu. Siku moja nikaipima upana, nikaona ni nyembamba isivyo kawaida: mtu alikuwa ameinyoa vitobo kwa mkasi. Tangu hapo stempu isiyo na vitobo nainunua ikiwa na kingo pana, au ikiwa pacha na mwenzake. Kwa Peru kuna ya nusu peso ya mwaka 1858, ambayo kawaida yake ni ya njano. Iliwahi kuchapwa kwa rangi ya waridi kwa makosa, na hiyo ya makosa ndiyo yenye bei, kwa hiyo rangi ndiyo hughushiwa. Chile ya mwaka 1853 yenye kichwa cha Kolombo, iliyochapwa na Perkins Bacon wa London, ina alama ya maji ya tarakimu ya thamani yake. Nakala nyingi hazina. Wala usidhani maradhi haya ni ya huko tu: stempu za India zilizopigwa neno Zanzibar mwaka 1895 zimeghushiwa sana, kwa sababu kuongeza neno moja jeusi juu ya stempu halisi ya bei poa ni kazi ya jioni moja.

Kuhusu vyeti: soko la stempu za aina hii haliamini neno la mtu, hata langu. Linaamini cheti chenye picha kutoka kwa kamati inayotambulika, kama ya Royal Philatelic Society London au Philatelic Foundation ya New York. Wote hutoza ada na huchukua muda. Usitume tano. Ya Guiana, Uruguay na Corrientes ni kutupa pesa. Tuma ya Brazili, ikishapita kipimo cha tochi. Iweke kwenye mfuko mdogo wa plastiki laini, katikati ya kadi mbili ngumu, utume kwa njia yenye namba ya kufuatilia. Picha za pande zote mbili ubaki nazo wewe.

Barquito iache kwanza. Nenda kwa fundi saa, kisha kwenye skana, uniletee kipande kile kimoja tu, kona ya chini kushoto ambapo muhuri unagusa bahari. Nataka kujua nyeusi iko juu au chini. Ikiwa chini, usihuzunike sana: kazi ya Sperati inauzwa kwa jina la Sperati, na kwa hiyo peke yake huenda ukapata zaidi ya fungu lake katika zile laki nane.